Kutoka Santuri za Kuba hadi Sikinde: Kuiga Kulivyozaa Mtindo

Bendi zinazopiga zilipendwa siku hizi hulaumiwa kwa kosa moja, kupiga kopi. Wanaolaumu husema kwamba wakongwe walibuni na vijana wanaiga tu. Historia haikubali mgawanyo huo, kwa sababu muziki wa dansi wa Tanzania ulianza kwa kuiga, tena bila kificho. Kuanzia 1933, kampuni ya HMV ilileta Afrika santuri za mfululizo wa G.V., nyingi zikiwa na muziki wa Kuba, na wapiga magitaa wa Kongo na wa Afrika Mashariki wakazisikiliza mpaka wakazikariri. Mjini Morogoro, Salum Abdallah alianzisha bendi mwaka 1948. Kwanza iliitwa La Paloma, jina la wimbo mashuhuri wa Kihispania, kisha ikawa Cuban Marimba. Mtu anayeipa bendi yake jina kama hilo haoni haya kutaja alikojifunzia.

Kwa hiyo la kuuliza ni kwa nini uigaji ule ulizaa kitu kipya. Naamini ni kwa sababu waliiga huku wakiwa na mapengo. Santuri ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Maneno yake yalikuwa ya lugha wasiyoijua, na piano iliyosikika humo hawakuwa nayo. Kazi ya piano wakayapa magitaa, na upigaji wa magitaa yanayojibizana ukazaliwa hapo. Maneno wakayatafuta katika Kiswahili, na naona badiliko hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yake huishia kwa irabu; sauti iliyotungiwa Kihispania ilikuwa nguo ya mtu mwingine, ikabidi ipunguzwe huku na kuongezwa kule. Isitoshe, msikilizaji aliyelelewa na mashairi na taarabu alitaka kisa, wasia na fumbo. Wimbo ukarefuka, ukawa na sehemu mbili: beti za pole zinazosimulia, kisha chemko, magitaa na saksafoni zinapoachiwa na ukumbi wote kuinuka.

Pingamizi zito lilitoka mapema, na kwa mtu mzito. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba na chachacha ilhali hawakuijua gombe sugu wala lele mama. Wapo wanaomjibu kwamba rumba ni ya Kiafrika, kwa kuwa mizizi yake ilivushwa bahari na watumwa kutoka Kongo. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Nasaba ya muziki haimpi anayeupiga leo ubunifu wowote. Angeweza kunakili wimbo wa babu yake neno kwa neno na bado akawa mnakili. Jibu lenye nguvu lilitoka kwenye bendi zenyewe, katika desturi ya mtindo. Kila bendi ilijipambanua kwa mtindo wake: Western Jazz na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata, NUTA Jazz na Msondo, Mlimani Park na Sikinde. Msondo na sikinde ni ngoma za Wazaramo. Jina peke yake halikuleta ngoma hizo jukwaani, nakubali. Lakini liliifunga bendi, kwa kuwa mashabiki walikuja kusikia tofauti na wangeinung'unikia ikikosekana.

Wengine watasema kwamba hata hivyo tulikuwa tunafuata Kongo tu. Tuliifuata kweli, ila njia ilikuwa na wapitaji wa pande zote mbili. Bendi ya Maquis ilitoka Zaire ikaweka makao Dar es Salaam, na mwanamuziki Remmy Ongala, naye wa kutoka huko, alifika mwaka 1978. Jina lake lilijengwa na nyimbo za Kiswahili juu ya umaskini, kifo na haki ya mnyonge. Aliyekuja akiwa na ujuzi wa Kongo alijikuta akitunga kama msikilizaji wa hapa alivyotaka.

Utetezi wa bendi za leo ni kwamba soko linataka nyimbo za zamani. Sidharau hoja hiyo, maana mwanamuziki lazima ale. Lakini mtazame mwimbaji Muhidin Gurumo. Mwaka 1978 aliondoka bendi ya mtindo wa Msondo, iliyokuwa na mashabiki tele, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park. Sauti yake ilikuwa ndiyo ile ile, na kurudia yale yale kungekuwa njia nyepesi ya kupata watu. Bendi ikatafuta Sikinde. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, na huko ukazaliwa mtindo wa Ndekule. Soko la miaka ile nalo lilipenda nyimbo lililozizoea, na bado likalipa kiingilio kusikia mtindo ambao jana haukuwapo.