Imamu, Gombo na Seva

Fundi anayefunga seva mbili za kupokezana huwa na swali analolipenda kwa kuwa ni jepesi: programu inayogawa faili ipo hewani? Mashine inajibu kwamba ipo, na taa inabaki kijani. Dakika hiyohiyo karani chumba cha pili anabonyeza folda ya pamoja, dirisha linaganda, hapati faili wala ujumbe wa kosa. Hakuna aliyesema uongo hapo. Programu ipo, huduma haipo. Kati ya Jinja na Mbale, nchini Uganda, zipo mila tatu za kulinda kitu kinachotumiwa na wengi, na zote tatu, kwa maoni yangu, zimelitafakari swali hili kuliko tulivyolitafakari sisi wa seva.

Tuanze na kinacholindwa. NFS, iliyotoka kwa kampuni ya Sun mwaka 1984, ilikusudia kuufanya umbali usionekane: faili iliyo kwenye diski ya jengo jingine ifunguliwe kana kwamba ipo kwenye meza yako. Ndiyo sababu seva ikinyamaza, kompyuta ya mtumiaji mara nyingi hailalamiki. Inangoja tu, hata saa nzima. Ili kungoja huko kusiwe kurefu, huwekwa klasta: mashine mbili zinazonakiliana data, na anwani moja ya mtandao inayohamia kwa ile iliyo kazini. Msimamizi wake, programu kama Pacemaker, huuliza hali kila baada ya sekunde chache. Yote yanategemea anachouliza.

Mila ya kwanza ni ya maji: Jinja wamekuwa wakiuliza kina cha Ziwa Viktoria tangu kabla ya bwawa. Kituo cha umeme cha Owen Falls, ambacho leo ni Nalubaale, kilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwezi Aprili 1954, na sharti lake lilikuwa kwamba maji yatakayopita yasizidi yale ambayo Nile ingeyatoa yenyewe kwa kina kinachosomwa Jinja. Makubaliano ya 1949 kati ya Uingereza na Misri yaliruhusu mhandisi wa Misri akae palepale kuangalia maji yanayotolewa. Kwa mtu wa seva hilo ni jambo la kuvutia. Anayeangalia hakuwa mwajiriwa wa anayeendesha mitambo, bali alitoka upande wa wanaoyangoja maji huko chini.

Hata hivyo kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Kituo cha pili, Kiira, kilikuwa kimeanza kazi mwaka 2000. Mtaalamu wa maji Daniel Kull aliandika mwaka 2006 kwamba zaidi ya nusu ya upungufu huo haikutokana na ukame bali na maji yaliyotolewa kupita kanuni. Anayetazama mitambo peke yake angesema yote ni salama, kwa kuwa ilikuwa inazunguka. Kipimo cha ziwa ndicho kilichosema kweli. Na vituo viwili havikuwa bima, maana vyote vinakunywa ziwa moja. Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilichoelea kikaziba njia ya maji hapo Jinja, na nchi nzima ikaingia gizani. Nimeona klasta za namna hiyo: mashine mbili zinazong'aa, diski moja nyuma yake, na mwenyewe anajisifu kwamba ana akiba.

Ukifika Mbale mwezi wa Ramadhani, ingia msikiti ambao imamu wake anakhitimu msahafu katika tarawehe. Nyuma yake, safu ya kwanza, husimama hafidhi mwingine. Kazi yake si kuhakikisha kwamba imamu yupo. Mgongo wa imamu kila mtu anauona. Anaisikiliza aya yenyewe. Imamu akiruka neno au akichanganya aya mbili zinazofanana, humfungulia: humtajia neno linalofuata kwa sauti ya kutosha, na sala inaendelea. Mlinzi huyu anaipokea huduma kama wengine wote, wakati inatolewa, na anaweza kuipima kwa kuwa naye amehifadhi.

Sikiliza pia anavyongoja. Imamu anaponyamaza, hafidhi mzoefu hamrukii. Pengine anavuta pumzi, pengine anakumbuka mwenyewe. Mwanafunzi mwenye pupa hutaja neno mapema, imamu anachanganyikiwa, na kosa linazaliwa pasipokuwa na kosa. Hilo ndilo tatizo la muda wa kungoja katika klasta. Ukiupanga mfupi, seva iliyoelemewa na kazi ya kunakili akiba usiku itahesabiwa imekufa na kuporwa zamu ikiwa hai. Ukiupanga mrefu, karani ataendelea kutazama dirisha lililoganda. Tena anayeuliza kwa kusoma faili halisi, ambalo ndilo swali la haki, naye anaweza kunasa palepale aliponasa karani. Swali lenyewe linahitaji kikomo chake.

Imamu akitenguka udhu katikati ya sala, fiqhi ina jibu: humvuta mmoja wa nyuma yake akashika nafasi. Mfano mashuhuri ni wa Madina, mwaka 23 wa Hijria (644), Umar bin Khattab alipochomwa kisu katika sala ya Alfajiri akamshika mkono Abdurrahman bin Auf na kumsogeza mbele, naye akaimaliza sala kwa ufupi. Maamuma hawaanzi upya. Rakaa walizoswali wanazo. NFS toleo la 4 inajaribu jambo hilohilo. Seva iliyopokea zamu kwenye Linux huwapa watumiaji kwa kawaida sekunde 90 za kudai tena kufuli walizokuwa wameziweka kwenye faili, na mpya hazitolewi mpaka muda huo uishe.

Lakini imamu hujitoa mwenyewe. Anajua udhu umemtoka, na dini inamwamini. Seva mgonjwa haijijui. Kebo kati ya mashine mbili ikikatika, kila moja itadhani mwenzake amekufa, na zote zitaandika kwenye data ileile. Hao ni maimamu wawili mbele ya jamaa moja.

Kwa Abayudaya wa kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, sheria ya Kiyahudi wanayoifuata ni kali zaidi. Torati inaposomwa hadharani, walio kando ya msomaji humsahihisha papo hapo. Herufi moja ikikutwa imeharibika kiasi cha kulibatilisha gombo, huletwa jingine na usomaji ukaendelea kutoka hapo. Lile bovu, kwa desturi, hufungwa mshipi juu ya vazi lake asije mtu akalitoa tena kwa kusahau. Hakuna anayesubiri gombo litangaze ubovu wake.

Watu wa klasta wamefuata njia ya mshipi, kwa ukatili zaidi: anayepokea zamu lazima kwanza amkatie mwenzake umeme na athibitishe amezimika. Shida ni kwamba kifaa cha kumzima mara nyingi hula umeme wa mashine ileile. Umeme ukikatika chumba kimoja, mashine nzima iliyobaki inapeleka amri, haijibiwi, na kwa kuwa haijathibitisha kifo cha mwenzake, inakataa kuchukua zamu. Fundi aliyechoshwa na hali hiyo huizima kinga yote kwa mstari mmoja wa usanidi. Mwenye busara hununua soketi inayoongozwa kwa mtandao, yenye chanzo chake cha umeme.

Fiqhi ina njia moja zaidi. Imamu akianguka na asipatikane wa kushika nafasi, kila maamuma anaweza kumaliza sala peke yake, na sala ni sahihi. Ofisini njia hiyo ni daftari la kaunta: karani anaandika kwa kalamu mpaka folda irudi. Katika miongozo ya kupokezana seva niliyoisoma, sijaona ukurasa unaosema nani atayaingiza yaliyoandikwa humo, na lini.