Salfiti, Wala Si Chumvi ya Kiberiti

Mwaka jana, harusini Dodoma, shemeji yangu mwenye pumu alimiminiwa divai nyeupe kutoka Italia. Kabla ya kunywa aliigeuza chupa, maana daktari amemwonya siku nyingi ajihadhari na salfiti, kihifadhi cha divai. Akakuta kibandiko cha Kiswahili: "Ina chumvi ya kiberiti." Chumvi haimdhuru. Akanywa. Haikupita nusu saa kifua kikambana, tukawa tunapekua mkoba kutafuta pampu yake. Alipopata pumzi alikibandua kile kibandiko kwa ukucha. Chini yake Waitaliano walikuwa wameandika waziwazi: solfiti. "Shemeji," akaniuliza, "mbona wetu hawakuandika hivi?"

Hawakuandika kwa sababu kamati fulani ilikwisha kuamua. Niliiandikia barua ya kurasa nne kupinga "chumvi ya kiberiti", nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba istilahi hiyo ni ya Kiswahili asilia. Asilia ipi? Kiberiti ni kibrit cha Waarabu, na kabla yao Waakadi wa Mesopotamia waliita kibritu. Ile ki- si ki- ya kiti wala ya kisu. Ni sisi tulioidhania kiambishi, tukazaa viberiti. Zilipokuja njiti zenye salfa, jina likahamia kwenye kisanduku chake, na leo ukiomba kiberiti utapewa cha kuwashia jiko. Mkulima wa korosho wa Mtwara hapulizii mikorosho kiberiti kuzuia ubwiriunga, anapulizia salfa. Neno hai analo yeye, na kamati haikumwuliza. Tena hao Waarabu waliotupa kibrit hawakuridhika na "chumvi ya kibrit" katika kemia yao. Wanatofautisha kibritat na kibritit, kwa irabu tu.

Irabu hiyo ndiyo ninayoipigania. Mwaka 1787, Paris, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walichapisha utaratibu mpya wa majina ya kemia. Chumvi yenye oksijeni nyingi waliipa mwisho wa -ate, yenye oksijeni pungufu wakaipa -ite. Salfeti ina atomu nne za oksijeni kwa moja ya salfa. Salfiti ina tatu. Mfasiri mmoja, mwenzangu wa miaka mingi, ameandika kwamba salfeti yatosha kwa zote mbili, kwani mnywaji hajali atomu. Ini lake linajali. Mwilini mna kimeng'enya ambacho kazi yake hasa ni kuigeuza salfiti kuwa salfeti, ambayo figo huitoa kwenye mkojo. Kinachombana shemeji yangu ni salfiti, si salfeti. Ukiziita zote salfeti umefuta kazi nzima ya kimeng'enya hicho.

Wengine, ambao nawaheshimu zaidi, wanasema "salfaiti", wakinitolea mfano wa tanzanaiti. Nimelifikiria hili kwa muda mrefu. Tanzanaiti ni jiwe la Merelani, lililopewa jina hilo na Tiffany mwaka 1968, na mwisho wake ni ule wa kale wa Kigiriki wa kutajia mawe. Mwisho wa salfiti ni wa Paris, ulibuniwa kuhesabu oksijeni. Vitu viwili, asili mbili. Kiingereza kimevichanganya kwa matamshi, nasi hatulazimiki kuurithi mchanganyiko huo. Tuache -aiti kwa mawe, tushike -iti kwa chumvi: salfiti, nitriti, kloriti. Anayesoma ajue papo hapo kama ameshika kito au kemikali. Pendekezo hili nililitoa mbele ya watu, na nimeliona baadaye likinukuliwa nusu, bila hoja ya mawe.

Kuhusu matumizi: andika "Ina salfiti", ngeli ya I-ZI. Ulaya hulazimisha onyo hilo tangu mwaka 2005 divai ikizidi miligramu 10 kwa lita, na karibu zote huzidi, maana hamira yenyewe huzalisha kiasi kidogo wakati wa kuchacha. Kikomo cha divai kavu huko ni miligramu 150 kwa nyekundu na 200 kwa nyeupe, kwa kuwa nyeupe haina tanini nyingi za kuilinda. Kichwa kinachouma asubuhi msiisingizie salfiti, haijathibitika. Matunda makavu yaliyotiwa salfiti huwa nayo nyingi kuliko divai, na hatusikii mtu akilalamikia kichwa kwa ajili yake. Wanaodhurika hasa ni wenye pumu, tena baadhi yao, na hao ndio wanaohitaji kulikuta neno moja lilelile kwa daktari na kwenye chupa.

Barua ya pili nimeipeleka mwezi huu, na kile kibandiko nimekiambatisha.