Darubini za upeo mpana

Darubini za upeo mpana hupiga picha eneo kubwa la anga kwa mkupuo mmoja, kisha hulirudia usiku baada ya usiku kutafuta kilichobadilika: nyota iliyolipuka, asteroidi iliyosogea, nyotamkia mpya. Kompyuta huondoa picha ya zamani kwenye picha ya leo. Kinachobaki ndicho habari.

Yenye nguvu kuliko zote iko katika kituo cha Vera C. Rubin, juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile. Kioo chake kina upana wa mita 8.4, na picha moja hufunika eneo la zaidi ya miezi mipevu 40. Picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025. Barani Afrika, kazi hii hufanyika Sutherland, Afrika Kusini. Darubini ya ATLAS iliyopo huko ilinasa, Februari 2023, nyotamkia ya Tsuchinshan-ATLAS, iliyoonekana kwa macho matupu Oktoba 2024.

Katika kuchunguza anga, Kenya nayo ina historia kubwa kuliko inavyokumbukwa. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupima eksirei za anga. Ilijizungusha polepole huku ikifagia anga, ikaorodhesha vyanzo 339, na kuonyesha kwamba baadhi yake hubadilika ndani ya sekunde chache.

Mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, hivyo karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu ya mabati yake kila mwaka. Ila mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu, pamoja na mwanga wa jiji na moshi wa makaa, humeza nyota hafifu. Kufunga darubini ya upeo mpana hapo ni kazi bure. Wakazi wanazihitaji taa hizo kwa usalama. Zikifunikwa juu ili mwanga uende chini tu, usalama utabaki na nyota zaidi zitaonekana.

Nyota angavu, hata hivyo, hazimezwi. Mapema 2020 Ibuti la Jauza, ambayo vitabu vingi huiita Betelgeuse, ilififia hadi karibu theluthi moja ya mng'ao wake kwa sababu ya vumbi ililolitoa yenyewe. Aliyesimama kando ya reli ya Kibera angeweza kuona kuwa imezidiwa na nyota ya Dabarani (Aldebaran). Nyota kama hizi huzishinda darubini kubwa, kwa kuwa mwanga wake hufurika kwenye kamera. Kwa hiyo macho bado yana kazi. Jioni za Januari hadi Machi, zilinganishe nyota hizo mbili, uandike tarehe, saa na inayong'aa zaidi. AAVSO, chama cha watazamaji wa nyota geugeu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, hupokea makadirio ya macho matupu kutoka nchi yoyote.