Kula Kulala

Nimezaliwa Uvira, nimekulia Kigoma. Pale mtaani kijana aliyekaa kwa wazazi bila kazi tulimwita kula kulala, na tulimcheka kweli kweli. Mwaka 2007 nikafika Ireland kuomba hifadhi. Nikapewa kitanda, milo mitatu na yuro 19.10 kwa wiki. Kazi marufuku. Kumbe kula kulala yaweza kuwa sera ya serikali!

Msomaji, usinielewe vibaya, hatukulala njaa. Chipsi zilikuwepo, kuku asiyejua chumvi alikuwepo, na saa ya kula ilipangwa. Kilichokosekana ni jiko. Mama mmoja wa Bukavu alinunua unga duka la Waafrika, akaficha kijiko cha umeme chini ya kitanda. Alipofumwa wakakichukua. Alilia kama kafiwa. Alisema wanawe watakua hawajawahi kumwona mama yao akisonga ugali.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya 2000 mwombaji hifadhi kule alipata posho kama raia asiye na kipato, akatafuta chumba mwenyewe. Mwisho wa miaka ya tisini waombaji wakaongezeka na vyumba vya Dublin vikaadimika. Aprili 2000 ukaanza mpango mpya: serikali ikawalipa wenye hoteli na hosteli watulaze na kutulisha. Hata Mosney, kambi ya likizo ya Butlin iliyofunguliwa 1948 watu waje kuogelea, ikageuzwa makazi ya waombaji. Tuliambiwa ni miezi sita. Mimi nilikaa miaka mitano, na wapo walionizidi. Posho ya mtu mzima haikuongezwa mpaka 2017. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu, katika kesi ya mtu wa Burma aliyesubiri miaka minane, ikasema kumnyima mtu kazi bila kikomo kunavunja katiba.

Februari 2021 serikali yenyewe ikaahidi kuufuta mpango huo ifikapo mwisho wa 2024: miezi minne kituoni, halafu nyumba mtaani, mlango wako, ufunguo wako. Nilifurahi, nisiseme uongo. Mwaka 2022 Urusi ikavamia Ukraine, wakimbizi wakamiminika, na waombaji wa nchi nyingine nao wakaongezeka. Hoteli zikajaa. Machi 2024 ahadi ikaandikwa upya, na hadi Mei mwaka huo wanaume walikuwa wakilala kwenye mahema Mount Street, ubavuni mwa ofisi ya maombi.

Lakini hata aliyepata karatasi hatoki kirahisi. Mwenye nyumba anataka barua ya mwajiri na ya mwenye nyumba wako wa zamani. Utaitoa wapi, wewe uliyelazwa hotelini? Ndiyo maana maelfu wenye kibali wamebaki vituoni. Mimi nilipata chumba mwaka 2012, na kwa wiki kadhaa, ikifika saa sita na nusu, nilijikuta nimesimama mlangoni nasubiri kengele ya chakula.

Yule mama alipata nyumba mwaka uliofuata, akatualika. Alisonga mbele ya wanawe, jasho linamtoka. Ugali ulijaa madonge, mkono ulishasahau. Mwanawe mdogo akauliza, "Mama, hiki kinaliwa na nini?"