Wahasibu Wa Zamani Walilipa Ili Wapate Kazi, Siyo Utani

Unalalamika posho ya fildi haitoshi hata nauli? Enzi za Malkia Victoria kule Uingereza, kijana wa uhasibu ndiye aliyemlipa bosi.

Chama cha wahasibu cha England na Wales kilipata hati ya kifalme mwaka 1880. Ukitaka kuingia, unasaini mkataba wa miaka 5 chini ya mhasibu mwenye sifa (mwenye digrii, miaka 3). Mzazi anatoa ada, wakati mwingine mamia ya pauni, halafu dogo anapiga kazi bila mshahara au kwa vijisenti. Mtoto wa mlalahoi? Sahau. Binti ndiyo kabisaa: mwanamke wa kwanza alipokelewa mwaka 1920, akiwa na miaka 75, baada ya kupigwa chini miaka na miaka. Umri wa bibi, ndo anapewa cheti!

Na kazi yenyewe sasa. Kujumlisha safu za tarakimu kwa kichwa, ukurasa baada ya ukurasa, mwenzako anakusomea namba kwa sauti, wewe unaweka tiki. Mizania isipolingana, mnaanza upya. Usiku ndo unafungua notsi za mitihani zilizoletwa kwa posta.

Ada hiyo ilikuja kufifia katikati ya karne ya 20, lakini mkataba wa mafunzo ukabaki. Bongo, NBAA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mpaka leo kufaulu mitihani pekee hakukupi CPA. Lazima uonyeshe uzoefu wa kazi, na wa kukusainia ni bosi yuleyule anayekutuma chapati.