Ibrahimović: Jina linalotaja Bosnia na kuificha Kroatia

MASHABIKI wa soka wamelizoea jina la Zlatan Ibrahimović kwa zaidi ya miaka 20, lakini wengi wangali wanabishana kuhusu asili yake. Wapo wanaomwita Mkroatia, wapo wanaosema ni Mserbia, na wengine, kwa kulisikia neno Ibrahim, humdhania kuwa Mturuki au Mwarabu.

Ukweli ni kwamba alizaliwa Uswidi kwa baba Mbosnia na mama Mkroatia. Jina lake, likichambuliwa vyema, hueleza nusu tu ya habari hiyo.

Mshambulizi huyo, aliyestaafu Juni 2023 akiwa na klabu ya AC Milan, alizaliwa Oktoba 3, 1981 mjini Malmö, kusini mwa Uswidi. Alilelewa katika mtaa wa Rosengård, ambao wakazi wake wengi ni wahamiaji na watoto wao. Baba yake, Mwislamu kutoka mji wa Bijeljina kaskazini mashariki mwa Bosnia, alihamia Uswidi mwaka wa 1977. Mama yake, Mkatoliki, alitoka Kroatia.

Siku hizo hapakuwa na mpaka wa kimataifa baina ya Bosnia na Kroatia. Zote mbili zilikuwa jamhuri ndani ya nchi moja ya Yugoslavia. Wawili hao walikutana ugenini, wakapata watoto, kisha wakaachana Zlatan akiwa bado mdogo.

Jina lenyewe

Jina Ibrahimović lina sehemu tatu. Kiini chake ni Ibrahim, jina la nabii anayeheshimiwa na Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Kiambishi "-ov-" huonyesha umilikaji, kama "wa" ya Kiswahili. Kiambishi tamati "-ić" ni cha udogo. Yakiunganishwa, maana yake ni "mtoto wa Ibrahim". Herufi ć hutamkwa karibu na "ch" ya Kiswahili, ingawa kwa ulaini zaidi. Kwa hivyo anayesema "Ibrahimovik" hukosea.

Muundo huu si mgeni kwa Wakenya. Mkalenjin husema arap, Mmaasai husema ole, na Mswahili wa pwani husema bin. Tofauti ni kwamba katika nchi za Waslavi wa kusini jina la babu mmoja liliganda, likawa la ukoo mzima kizazi baada ya kizazi. Yule Ibrahim wa kwanza alikwisha kusahaulika, lakini wajukuu wa wajukuu wangali wanaitwa watoto wake.

Nalo jina Zlatan linatokana na "zlato", yaani dhahabu. Ni neno la Kislavi lisilofungamana na dini yoyote, na jina hilo hupatikana miongoni mwa Wabosnia, Wakroatia, Waserbia na hata Wabulgaria.

Jinsi Ibrahim alivyofika Bosnia

Majeshi ya Milki ya Uthmaniya yaliiteka Bosnia mwaka wa 1463. Katika karne zilizofuata wenyeji wengi walisilimu. Hawakuwa Waturuki wala Waarabu; walikuwa Waslavi waliobaki katika ardhi yao na kuendelea kusema lugha yao ya Kislavi. Walichobadilisha ni dini, na pamoja na dini, majina ya watoto wao. Ndiyo maana Ibrahim, jina la Kisemiti, likavishwa mkia wa Kislavi.

Milki ya Austria-Hungaria ilipoichukua Bosnia mwaka wa 1878, ilileta sensa na sajili za serikali, na kumbukumbu hizo za maandishi zikasaidia kuyafanya majina ya ukoo kuwa ya kudumu.

Historia hiyo yote imo katika orodha za vikosi vya soka. Kipa Asmir Begović ana jina linalotokana na "beg", cheo cha bwana katika utawala wa Uthmaniya. Beki Emir Spahić amerithi jina la askari farasi wa milki hiyo, aliyeitwa "spahija". Vahid Halilhodžić, aliyewahi kuzinoa timu za taifa za Ivory Coast, Algeria na Morocco, amebeba jina la Halil aliyekuwa "hodža", yaani mwalimu wa dini. Neno hilo lilitoka Uajemi kupitia Uturuki, na lina asili moja na jina la jamii ya Makhoja wanaofahamika sana Afrika Mashariki.

Hata hivyo, si kila jina la eneo hilo hufichua dini. Mateo Kovačić, kiungo wa Kroatia aliyezaliwa Austria, ana jina lenye maana ya "mtoto wa mhunzi". Wahunzi walikuwako katika kila dini. Mkia "-ić" nao hutumiwa na Wakroatia, Waserbia na Wabosnia vilevile. Anayetafuta asili ya mtu lazima atazame kiini cha jina, na hata hapo asiharakishe kukata shauri.

Sababu ni kwamba jina la ukoo hufuata mstari mmoja tu. Kila mtu ana mababu na mabibi wanne, na jina lake kwa kawaida hutoka kwa mmoja wao. Akirudi nyuma vizazi vitano, wazazi wake wa kale hufika 32, na bado jina hutoka kwa mmoja. Katika jina Ibrahimović, upande wa mama na Ukatoliki wake hauonekani hata kwa herufi moja.

Jina wakati wa vita

Kutoonekana huko si jambo la mzaha. Yugoslavia ilipoanza kusambaratika mwaka wa 1991, watu waliofanana kwa sura na waliosikilizana kwa lugha walianza kutambuana kwa majina. Mapema Aprili 1992, wanamgambo wa Kiserbia waliuteka mji wa Bijeljina, na raia Waislamu wakauawa. Wabosnia Waislamu na Wakroatia, waliokuwa upande mmoja mwanzoni, nao waligeukiana wakapigana hadi mkataba wa Machi 1994 ulipowapatanisha.

Katika vita hivyo, vilivyoendelea hadi mwaka wa 1995, jina lililoandikwa kwenye kitambulisho liliweza kuamua ni nani apite na nani azuiliwe. Wakenya wanaokumbuka vizuizi vya barabarani vya mapema mwaka wa 2008 hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Wakati huo Zlatan alikuwa mtoto mjini Malmö, akiwa na damu ya jamii mbili zilizokuwa zikipigana.

Larsson na Ibrahimović

Uswidi nako, licha ya amani yake, jina lilikuwa na uzito. Mfano bora umo katika kikosi hichohicho cha taifa. Juni 14, 2004, Uswidi iliicharaza Bulgaria mabao 5-0 jijini Lisbon katika fainali za Kombe la Ulaya. Henrik Larsson alifunga mawili, na Ibrahimović akafunga moja kwa penalti.

Baba yake Larsson alitoka visiwa vya Cape Verde, na mama yake ni Mswidi. Wazazi walikubaliana mtoto atumie jina la mama, wakiamini kwamba angepokelewa kwa urahisi zaidi katika jamii ya Waswidi. Kwa hivyo safu moja ya mashambulizi ilikuwa na wana wawili wa wahamiaji: mmoja jina lake liliificha asili ya baba, na mwingine jina lake liliitangaza.

Ibrahimović aliwahi kulizungumzia suala hilo waziwazi. Mwezi wa Januari 2018, katika mahojiano na kituo cha Ufaransa cha Canal+, alilalamika kwamba vyombo vya habari vya Uswidi vilimtendea kwa ubaguzi uliofichika kwa kuwa haitwi Andersson wala Svensson. Wakati huo alikuwa ndiye mfungaji bora wa taifa hilo katika historia yake, akiwa na mabao 62.

Linalostaajabisha ni kwamba majina hayo ya Kiswidi yana muundo uleule. Andersson ni mwana wa Anders, yaani Andrea, jina lililotoka kwa Wagiriki. Larsson ni mwana wa Lars, ambaye kwa Kilatini ni Laurentius. Johansson ni mwana wa Yohana, jina la Kiebrania. Yalifika Skandinavia pamoja na Ukristo, kama Ibrahim alivyofika Bosnia pamoja na Uislamu. Yapo pia majina ya wenyeji, kama Svensson, lakini mengi yanayohesabiwa kuwa ya Kiswidi kindakindaki yalikuwa ya wageni zamani.

Hata Ibrahim mwenyewe yuko Uswidi tangu kale. Zipo familia za Waswidi asilia zinazoitwa Abrahamsson. Kwa maana, hilo ni jina lilelile la mvulana wa Rosengård, mwana wa Ibrahim. Lililotofautiana ni njia lililopitia kabla ya kufika Malmö.