Jarida limelipiwa lakini halijafika: wapenda redio wa Marekani na posta yao

Mtu amelipa abonema ya mwaka mzima. Jarida la mwezi wa kwanza linafika, la pili linafika, la tatu hakuna. Mwenzake wa mtaa wa pili anamwambia: «Mimi nilishalisoma, kuna wiki mbili.» Hapo njo maneno yanaanza. Kosa ni la nani, la posta ao la wenye jarida? Na feza yake je?

Habari hii ni ya Marekani, lakini inatugusa pia huku mashariki. Ndugu zetu wengi walipelekwa kule kama wakimbizi, na leo wana adresi na sanduku la barua mlangoni. Na jarida tunalochukua kama mfano ni la watu wa redio.

QST ni nini?

QST ni jarida la kila mwezi la ARRL, chama cha wapenda redio wa Marekani. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1914 na Hiram Percy Maxim pamoja na kijana Clarence Tuska, mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Toleo la kwanza la jarida lilitoka Desemba 1915. Vita ya kwanza ya dunia ililisimamisha toka 1917 mpaka 1919, kiisha likarudi.

Wapenda redio hao si watangazaji kama sisi. Ni watu wa kawaida wenye leseni. Wanaweka mashini na antena nyumbani na kusemezana na wenzao wa nchi zingine kwa kujifurahisha na kujifunza, bila kufanya biashara. Kila mmoja ana alama yake ya kuitwa. Mwenye kusikia alama inayoanza na 9Q anajua mara moja kwamba ni mtu wa Congo anayesema. Hata jina QST linatoka katika vifupisho vyao: ni wito kwa stesheni zote.

Ndani ya jarida kuna michoro ya kuunga vifaa, majaribio ya mashini mpya, na tarehe za mashindano ya hewani. Ndiyo maana kuchelewa kunaumiza: tarehe ya mashindano ikishapita, ukurasa ule hauna kazi tena.

Jarida linapita wapi?

Jarida likitoka kwenye kiwanda cha kuchapa, linafungwa pamoja na mengine kufuatana na maeneo, kiisha linaingia mikononi mwa posta. Posta ya Marekani ina daraja la pekee kwa magazeti na majarida. Sheria ya mwaka 1879 njo iliweka daraja hilo kwa bei ya chini, ili habari na elimu zifike mpaka vijijini. Zamani liliitwa daraja la pili. Toka 1996 linaitwa Periodicals.

Bei ya chini ina upande wake. Msomaji hapewi namba ya kufuatilia jarida lake njiani, kama vile anavyofuatilia kifurushi. Posta haimpi ahadi ya siku, wala hairudishi feza likichelewa. Majarida mawili yaliyotoka kiwandani siku moja yanaweza kufika katika mji mmoja kwa siku tofauti, sababu hayakupita katika vituo vilevile.

Juu ya nini matata yameongezeka?

Kwanza, mambo ya kiwanda. Mwaka 2021 na 2022 karatasi ilikuwa adimu na wafanyakazi wa viwanda vya kuchapa walipungua. Jarida lilianza kuchelewa hata kabla ya kufika posta.

Pili, mabadiliko ya posta yenyewe. Machi 2021 posta ilitangaza mpango wa miaka kumi wa kujipanga upya, na vituo vikubwa vya kuchambua barua vikaanza kuchukua kazi za vituo vidogo. Kituo kipya cha Richmond, jimbo la Virginia, kilileta ucheleweshaji mwaka 2023. Kile cha karibu na Atlanta, jimbo la Georgia, kikafanya vilevile mwaka 2024, mpaka wabunge wakauliza maswali.

Tatu, bei. Mwisho wa mwaka 2020 tume inayosimamia posta iliiruhusu kupandisha bei kupita kiasi cha kupanda kwa maisha. Toka Agosti 2021 bei ya kutuma majarida imepanda mara kwa mara. Posta nayo ina neno la kujibu: kwa miaka mingi malipo ya daraja hili hayafikii gharama ya kulibeba.

Nne, adresi. Mtu akihama na kujulisha posta, barua zake za kawaida zinamfuata mwaka mzima. Lakini jarida linamfuata siku 60 tu. Zikiisha, posta inamjulisha mchapishaji, na jarida halisongi tena mbele. Wengi wanalaumu posta ao jarida, kumbe adresi waliyoacha kwa mchapishaji ni ya nyumba ya zamani.

Wachapishaji wanajibu namna gani?

Kwa majarida ya watu wenye kupenda kitu fulani, redio, treni ndogo, nyota, kushona ao uvuvi, majibu yanafanana:

Kungojea. Jibu la kwanza karibu siku zote ni: «Ngoja kidogo.» Mchapishaji hataki kutuma nakala ya pili wakati ya kwanza iko njiani. Jibu hili si la uongo, ila likirudiwa kila mwezi msomaji anachoka.

Kutuma nakala ingine. Linawezekana tu kama zimebaki. Mchapishaji anachapa kufuatana na hesabu ya walioabonea, na za ziada ni kidogo. Anayelalamika baada ya miezi minne anaweza kukuta zimekwisha.

Kuongeza toleo moja mwishoni. Abonema inahesabiwa kwa matoleo, hapana kwa miezi ya kalenda. Uliyelipia matoleo 12 ukapata 11, mchapishaji anasogeza mwisho wako mbele. Hili njo jibu la haki kuliko yote, lakini mara nyingi linapewa yule aliyeomba tu.

Kusoma kwenye simu. «Toleo liko kwenye intaneti, fungua usome.» Ni jibu la haraka na halimgharimu mchapishaji kitu kikubwa. Kwa hiyo njo linalopendwa leo.

Sheria inasema nini?

Marekani ina kanuni ya mwaka 1975 inayosimamia bidhaa zinazoagizwa kwa posta, na leo inagusa pia simu na intaneti. Muuzaji asipotaja siku, anapaswa kutuma bidhaa ndani ya siku 30. Akiona hataweza, anapaswa kumuuliza mnunuzi kama anakubali kungojea, ao amrudishie feza yake.

Kwa abonema ya jarida, kanuni hiyo inalinda toleo la kwanza tu. Yanayofuata hayamo. Ni kusema, jarida likichelewa katikati ya mwaka, msomaji anabaki na mapatano yake na mchapishaji, na nia njema ya mchapishaji huyo.

Mzigo unaangukia nani?

Hapa njo kwenye kiini cha jambo. Wakati karatasi na posta vinapanda bei, mchapishaji ana njia chache: kupunguza matoleo, kuacha karatasi, kupandisha bei, ao kufunga. CQ, jarida lingine la wapenda redio lililoanza mwaka 1945, lilifika mwisho wake mwaka 2023.

ARRL ilichukua njia ya kati. Zamani mwanachama wa Marekani alilipa dola 49 kwa mwaka, na QST ya karatasi ilikuwa ndani. Toka Januari 2024 ada ikawa dola 59, na anayetaka karatasi anaongeza dola 25. Jumla ni dola 84. Wengine wanasoma kwenye intaneti.

Chama kina sababu zake, na hesabu zake zinaeleweka. Lakini tuone vizuri nani anabaki nyuma. Katika hobi hii wazee ni wengi, na wako wanaokaa vijijini, mbali na intaneti nzuri. Sheria ya 1879 ilifikiria watu wa namna hiyo. Leo yule anayehitaji karatasi zaidi njo anayelipa zaidi, na jarida lake bado linaweza kuchelewa. Sisi wa huku, tunaonunua mega kidogo kidogo na kungojea umeme urudi, hatuhitaji kufundishwa kwamba «soma kwenye simu» si jibu kwa kila mtu.

Kwa ndugu walioko kule

Kama una ndugu Marekani aliyelipia jarida, mpe mambo haya manne. Akihama, aandikie mchapishaji mwenyewe, asitegemee posta peke yake. Ahesabu matoleo aliyopata, asiangalie mwezi ulioandikwa juu ya jarida, sababu toleo la mwezi fulani mara nyingi linatoka kabla ya mwezi huo kuanza. Likikosekana, angojee wiki chache, kiisha aandike mapema kabla nakala hazijaisha. Na katika barua yake asiseme tu «jarida halikufika». Aseme anachotaka: nakala ingine, ao toleo moja liongezwe mwishoni.

Alilipa kwa ajili ya matoleo 12. Kuomba la kumi na mbili si kuomba msaada.